Elfu Moja na Saba

Nilipomfuta Shebwana kwenye orodha ya watumiaji
arubaini yake ilikuwa haijafika.
Ofisi haingoji. Kijana mpya wa forodha
alitaka kiti, kikombe na nenosiri.
Jina likaondoka, faili zikabaki,
na pale palipokuwa pameandikwa *shebwana*
mashine ikaandika 1007.

Kumbe kiini kilimjua hivyo tangu siku ya kwanza.
Jina lilikuwa letu sisi,
la kuitana chai ya saa nne.

Leo Maimuna kapanda ngazi zetu za Shimanzi,
juu ya ghala la majani ya chai,
vumbi la simenti kwenye pindo la buibui.
"Baba akiandika madeni yake humu.
Mirathi haigawanywi kabla ya deni. Kadhi kauliza."

Nikaitafuta. *deni.txt*.
Sita, sifuri, sifuri:
mwenyewe asome na aandike,
jamaa wasiguse,
mpita njia asichungulie.
Nikagonga kwa jina langu la kila siku:
hodi.
Kiini kikajibu: *hairuhusiwi*.
Bila ukali. Bila "njoo kesho".
Miaka kumi na moja nahangaika na karatasi za bandari,
sijaona mlango mwingine usiopokea chai.

Ninayo namba ya pili, sifuri, isiyoulizwa itokako.
Nikiwa nayo naona mishahara ya wote,
naona barua za Bwana Dossaji kwa wakili wake.
Huivaa kama glavu za mwosha maiti:
kwa kazi moja, kisha huzivua, kisha hunawa.

Wavivu huandika saba, saba, saba,
nyumba isiyo komeo wala pazia.
Leo atasoma binti,
kesho mtu atapita na kuongeza tarakimu kwenye deni la marehemu,
na marehemu hana mdomo wa kukana.

Mimi nikaandika programu, mistari tisa.
Sikuliita faili kwa jina tu, maana majina huhadaa:
kati ya kutazama na kugusa pana upenyo,
na jina lile lile huweza kuvishwa mwili mwingine.
Nikalifungua kwanza. Nikapewa tatu, mpini wake.
Nikaushika.
Nikaunda kundi, nikaliita *warithi*,
ndani yake mtu mmoja, kwa saa moja.
Ndipo nikauita mfumo, mpini mkononi:
nne, nne, sifuri.
Kusoma kwa mwenyewe, kusoma kwa warithi.
Ile mbili ya kuandika nimeiondoa,
kwani elfu moja na saba haongezi tena, wala hapunguzi.

Kiini kikarudisha sifuri.
Kwa lugha yake, hiyo ndiyo *karibu*.

Nikavua glavu. Nikageuza kiti nikatazama dirishani,
lori likirudi nyuma na kontena la bluu, utingo akipiga bodi.
Nikamsikia akisoma kwa kunong'ona:
fundi wa paa, Kisauni, elfu tatu;
duka la Baghozi, sukari kilo mbili;
msikiti, ahadi ya zulia, bado.
Kisha kimya.

"Nawe umo."
"Mimi?"
"Mia nne. Ameandika: *za jino*."

Jino. Nilikuwa nimelisahau.
Shavu lake limevimba kama andazi, mwezi wa Ramadhani,
akikataa kumeza kidonge mpaka adhana,
akihesabu kontena kwa jicho moja.

"Nimesamehe," nikasema.
"Basi lifute."
Nikatazama: nne, nne, sifuri.
Hakuna wa kuandika. Nimeondoa mwenyewe, kwa mkono wangu,
na glavu sitazivaa tena kwa ajili ya mia nne.

Maimuna akachukua kalamu mezani,
akaandika nyuma ya risiti ya tuktuk: *amesamehe*, na tarehe.
Akashuka ngazi.

Faili bado inasema namdai.